Matembezi ya Mzee Rola

Mpaka rangi mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Rola mpaka jina alilopewa na wazazi wake likasahaulika, alikuwa na jambo moja tu la kujivunia maishani, na jambo lenyewe hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mkewe. Nyumba alizopaka hazikumpa kichwa kikubwa. Ukuta ni ukuta, alikuwa akisema, leo unang'aa, kesho mtu anauegemezea baiskeli. Alichojivunia ni kwamba alilea watoto wawili ndani ya jiji kubwa, miaka ile kazi ilikuwa ya kuokoteza, na watoto wale hawakujua kamwe kwamba kulikuwa na siku ambazo chakula cha mchana hakikuwepo.

Kazi ya rangi ina maringo yake. Ukuta wenye unyevu haushiki rangi, na ukiulazimisha unakuaibisha mbele ya mwenye nyumba. Kwa hiyo msimu wa mvua ukiingia, ndoo na brashi zilisukumwa uvunguni, na fundi akabaki anatazamana na mkewe. Jua lingeweza kutoka siku mbili tatu mfululizo, lakini kuta zilikuwa bado zimelewa maji, na wenye nyumba hawakutaka hata kumsikia. Siku hizo sufuria ilipanda jikoni mara moja tu, jioni. Ndipo Rola na mkewe, katika chumba chao kimoja, walipobuni matembezi.

"Leo tunatembea," Rola alitangaza asubuhi hizo, kwa sauti ya mtu aliyealikwa ikulu. Watoto wakanyweshwa chai, wakavalishwa nguo safi, na kabla jua halijafika utosini walikuwa wameshapotea mtaani. Mkubwa alikuwa binti, na kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu aliitwa Bosi tangu hajaanza shule. Mdogo wake wa kiume aliitwa Donge, kwa unono aliozaliwa nao, unono ambao haukukaa sana.

Na walitembea kweli. Walikwenda stesheni kukaa kwenye benchi na kutazama treni zinavyoingia na kutoka, wakibishana ni ipi inayoondoka kweli na ipi inayobadilisha njia tu. Walikwenda kusimama nje ya ua wa mabati wa jengo linalojengwa, kila mtu na tundu lake la kuchungulia, wakamwangalia mwendesha kreni akishusha mizigo kutoka mawinguni. Kulikuwa na benki yenye mlango wa kioo unaozunguka, na mlinzi wake, mtu mwenye uso mkavu kuliko kazi yake, aliwaruhusu watoto mzunguko mmoja mmoja. Donge alizunguka mara mbili siku zote na mlinzi siku zote alikuwa anatazama pembeni. Kulikuwa na chemchemi mbele ya ofisi za jiji, ambapo walisimama upande unaopuliziwa na upepo ili warushiwe matone. Hakuna hata mahali pamoja palipodai kiingilio, na Rola aliwatembeza kama mwenye mali anayeonyesha shamba lake.

Njiani aliwafundisha kutazama kuta, maana hakujua kutazama kitu kingine. Huu umepauka kwa jua. Huu fundi wake alikuwa na haraka, ona rangi ilivyochuruzika. Huu umepigwa rangi mkono mmoja, wa pili hawakupiga. Somo likawaingia zaidi ya alivyokusudia. Siku moja mwalimu wa Bosi aliuliza darasa lao limepakwa rangi gani, watoto wote wakaitikia nyeupe. Bosi akainuka, akaenda kuupapasa ukuta kwa kiganja, akajibu kwamba nyeupe bado, hiyo ni mkono wa kwanza tu, na msasa haukupita. Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Rola aliposimuliwa alivimba kichwa juma zima, na mkewe akamwambia aangalie asije akashindwa kupita mlangoni.

Kulikuwa pia na mtaa ambao hawakuupita. Ni mtaa wa waoka mikate, ambao harufu yake ilimfuata mtu hadi kona ya tatu. Rola aliuzunguka kwa mbali kama mtu anayemkwepa mama mkwe, hata kama njia ilikuwa ndefu maradufu, na watoto hawakuuliza kwa nini.

Walirudi jioni wamechoka hoi. Wakanawa, wakala, wakalala kabla sahani hazijaoshwa. Rola na mkewe walitazamana juu ya vichwa vile viwili vilivyolala, wakacheka kimya kimya kama watu waliofanikiwa kuvusha magendo. Ilikuwa miaka migumu, nasi tusiipambe. Lakini ukimuuliza Rola leo ni miaka gani angependa kurudishiwa, hatafikiri mara mbili. Atataka ile.

Miaka ikaenda zake. Donge alipata kazi ng'ambo, akawa sauti ya kwenye simu. Bosi aliolewa, akahamia mji mwingine, akaamrisha watu ofisini na kulipwa kwa kazi hiyo. Mwaka huu alikuja likizo na wanawe wawili, binti wa miaka mitano mwenye maswali yasiyokwisha, na mvulana wa miaka mitatu ambaye miguu aliiona ni pambo tu, maana alitaka kubebwa kila aendako. Bosi aliwapeleka kwenye viwanja vya michezo vya kukata tiketi, vyenye majumba ya kujaza upepo. Rola aliandamana nao siku moja, akapewa kiti cha plastiki na kazi ya kulinda viatu. Jioni yake ndipo alipomwendea binti yake, aliyekuwa anakunja nguo za watoto.

"Bosi, nipe hawa wajukuu kesho. Nikawatembeze kama nilivyokuwa nawatembeza nyinyi."

Mikono ya binti ikasimama juu ya nguo.

"Mtatoka saa ngapi, baba?"

"Kabla ya mchana. Kama zamani."

"Na watakula wapi?"

Aliuliza bila kuinua macho, na swali likamchoma Rola mahali ambapo hakujua kwamba pangali na uhai. Alijibu kwamba wataona huko huko, akatoka. Alimkuta mkewe jikoni anamenya viazi.

"Yule mtoto anajua," alimwambia.

"Anajua nini?"

"Matembezi. Anajua yalikuwa ya nini."

"Usijitafutie maradhi, baba watoto. Mama gani asiyeuliza wanawe watakula wapi?"

Maneno ya mkewe yalikuwa na akili lakini hayakumtuliza. Kama Bosi alijua, basi treni zile, na kreni, na matone ya chemchemi, vyote kwake vilikuwa njaa iliyovalishwa nguo safi. Basi yeye Rola hakuwa na kitu alichowahi kuwapa watoto wake. Alikuwa mtu aliyewadanganya, akafurahi peke yake. Aliogopa jambo hilo kuliko alivyowahi kuogopa ngazi ndefu.

Kesho yake Bosi aliamua kwenda nao, na mkoba mkubwa begani. Walianza na stesheni. Benchi lilikuwa pale pale, limepakwa rangi mpya juu ya kutu, na Rola alilikagua kwanza, akamtukana fundi kimoyomoyo, kisha akakaa. Treni iliingia ikitetemesha sakafu. Mjukuu wa kike alishika masikio akicheka. Yule mdogo alisahau kubebwa, akasimama kwa miguu yake mwenyewe mpaka behewa la mwisho. Rola aliwatazama, na kwa muda moyo wake ukawa mwepesi kabisa.

"Mama, nina njaa," akasema mjukuu.

"Subiri kidogo."

"Nina njaa sasa hivi. Babu, nina njaa. Tumbo langu limeisha."

Mdogo naye akadaka wimbo, njaa, njaa, huku akipiga benchi kwa kiganja, hata abiria wakageuka. Rola alicheka. Kisha likamtoka lile alilokuwa amelibeba tangu jana, akalitoa kama utani, lakini masikio yake yalikuwa yanangoja jibu.

"Watoto wa siku hizi bwana. Nyinyi hamkuwahi kunililia njaa hata siku moja. Mlikuwa mnanogewa mpaka mnasahau."

Bosi alikuwa ameanza kufungua mkoba. Akauacha nusu wazi.

"Hatukusahau, baba."

Rola aligeuka kumtazama.

"Donge akitaka kusema, nilikuwa namfinya. Hapa, nyuma ya mkono. Nilimwambia tukisema njaa, baba ataona aibu, halafu hatatutoa tena."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Chumba kilikuwa kimoja, baba. Nyinyi mlikuwa mnanong'onezana nyuma ya pazia, mkidhani pazia ni ukuta."

Mzee aliitazama reli. Alihisi aibu ya miaka yote ile ikimjia kwa mpigo, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sasa mbona mlikuwa mnacheka vile?"

"Kwa sababu ilikuwa raha," Bosi alisema. "Ungetaka nikwambie nini? Njaa ilikuwepo na raha ilikuwepo. Ningekubali kula mara moja kwa siku mwaka mzima, mradi ututoe. Yule Donge mpaka leo tukiongea kwenye simu hazungumzi kingine."

"Jana uliniuliza watakula wapi."

"Niliuliza kwa sababu hawa hawajui kunyamaza." Alimfuta mwanawe kamasi kwa kidole, taratibu. "Sisi tulijua. Na sitaki hawa wajifunze."

Mjukuu wa kike, aliyeona mazungumzo ya wakubwa yanamcheleweshea haki yake, akamvuta suruali.

"Babu, hujasikia? Nimesema nina njaa."

"Nimesikia, mama," Rola alisema. "Sema tena."

Mtoto akasema tena, kwa sauti iliyomfikia mkata tiketi kule dirishani, na Rola, machozi yakimtoka hadharani bila haya, akaingiza mkono mkobani akamtolea mkate.