Madam Aliposema Kata

Mimi hukata nyama katika bucha moja ya nyama choma huko Kikopey, na jioni huandika hadithi, polepole. Juzi alikuja madam mmoja, ajenti wa waandishi na pia prodyusa wa filamu, kurekodi bucha yetu. Nikajikaza, nikamwambia nina hadithi.

"Fanya kazi vizuri mbele ya kamera," akasema, "halafu nitaisikiliza."

Kamera ikawashwa. Nikakata mbavu za mbuzi.

"Kata!" akaita.

Nikakata paja.

"Kata, boss!"

Nikaona panga langu limempendeza, nikaongeza kasi.

"Nimesema kata!"

Nikamaliza hata shingo. Jasho lilinitoka, nami nilijiona staa.

Mwenye bucha akaja mbio. "We! Huyo mbuzi mzima ataliwa na nani?"

"Madam ndiye ameagiza."

Madam akavua miwani. "Kijana, kwenye filamu 'kata' maana yake simama!"

Wateja wakacheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Madam akapangusa machozi. "Haya, hadithi yako inahusu nini?"

Ningenyamaza tu. Lakini nikajibu, "Inahusu kijana mjanja wa Kikopey, anayeelewa maneno ya watu kabla hawajayamaliza."