Kompyuta Iliyogoma Siku ya Mgeni wa Kahawa

Felista alikwisha kuosha vikombe vya mgeni, akaviosha tena. Mgeni mwenyewe, Mzee Mbonile, katibu wa chama cha wakulima wa kahawa kule Isansa, alikuwa njiani na bajaji kutoka stendi ya Tunduma. Alikuja kuona programu ya kupokelea kahawa aliyoitengeneza Gloria, binti wa Felista. Akiipenda, Gloria anapata kazi. Asipoipenda, Gloria anavuka mpaka kwenda kumsaidia shangazi yake kuuza dukani huko Zambia, na mama anabaki kuongea na kuta.

Na programu ilikuwa imeganda.

"Inasema 'Weka kilo', halafu basi!" Gloria alivipiga vitufe kama anatwanga. Kijistari cha kuandikia kwenye kioo kiliwaka na kuzima tu. Akazima, akawasha. Programu ikajifungua yenyewe kama alivyoipanga, ikajaza kioo kizima, ikauliza kilo, ikanyamaza.

"Labda inaona aibu."

"Mama!"

"Nasema tu. Jana usiku kulikuwa na baridi."

Jirani yao Jastin, fundi simu, aliletwa mbio na povu la sabuni masikioni. Akaisikiliza kompyuta kama daktari. "Inapumua. Programu ndiyo mbovu. Umeikosea mahali, dada."

Gloria akalia, akacheka, akafanya vyote pamoja. Nje bajaji ikapiga honi.

"Shikamoo baba, karibu, karibu sana!" Felista alipokea mwavuli na kofia, akasahau kuuachia mkono wa mgeni. Hapo hapo radi ikanguruma.

Hakufikiri mara mbili. Kwake radi ikilia, kioo cha ukutani hufunikwa khanga na nyaya zote huchomolewa. Usiku wa jana iliponguruma alifanya hivyo, asubuhi akazirudisha. Sasa akapiga magoti nyuma ya meza, lakini waya wa kwanza alioushika haukuwa umechomekwa popote. Ulilala chini ya kitambaa cha kufuma, umeviringishwa vizuri kama mtoto.

"Gloria... huu ni wa nini?"

Gloria akaufuata kwa kidole mpaka kwenye kibodi.

"Mama! Inasubiri niandike, na kibodi umeichomoa wewe!"

"Niliuficha radi isiuone!"

Jastin akakaa sakafuni kwa kicheko.

"Na wewe cheka," Gloria alimwambia huku akichomeka. "Eti nimeikosea mahali!"

"Basi mama ndiye aanze kuijaribu," alisema Mzee Mbonile.

Felista akabonyeza nane. Kwa hofu ya kuharibu tena, hakuinua kidole. Nane zikatiririka hadi mwisho wa mstari.

"Mama Gloria!" mzee alishangaa. "Kahawa hiyo hata wilaya nzima ya Mbozi hatuna!"

Kompyuta ikajibu: "Kilo zimezidi mzani. Rudia."

Mzee akajipiga paja. "Hiyo ndiyo naitaka! Makarani wangu wanaandika lolote, hakuna wa kuwakatalia. Binti, Jumatatu nakusubiri Isansa."

Felista akapiga kigelegele, kidole bado kiko kwenye nane. Radi ikanguruma tena, na hakuna aliyekumbuka kuchomoa kitu.