Nyungu Isiyoingia Mkono

Ninyi vijana mtakaosoma haya, mnaofungua mfereji na kuacha maji yakimwagika huku mkipiga gumzo, kaeni chini mnisikilize. Mmoja wenu karibu asizaliwe kwa sababu ya maji, na mwenye kosa ni mimi. Sikupita darasa la tatu, kwa hivyo sitazunguka.

Ilikuwa miaka ya tisini, upande wetu huu wa Kosele. Tulichota maji silanga, bwawa letu la maji ya mvua, ng'ombe ukingo huu, sisi ukingo ule, na hakuna aliyeona ubaya. Maji tuliyatia kwenye nyungu iliyokaa juu ya mchanga nyumbani kwangu. Ukisikia kiu, unachovya kata, unakunywa, unairudisha. Mgeni naye vivyo hivyo. Mkono ukizama hadi kiwiko ni sawa, mradi maji ni baridi.

Siku moja wanawake tukaitwa uwanja wa kanisa. Mama mmoja wa afya, mtu wa Homa Bay mjini, alikuwa amekuja na nyungu za aina mpya. Zilikuwa za udongo kama zetu, lakini shingo nyembamba, kifuniko juu, na mfereji mdogo chini. Alileta na chupa za dawa. Kizibo kimoja kwa jerikeni moja, unangoja nusu saa, unakunywa. Niliinusa. Ilinuka kama ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe.

Kisha akauliza, "Nyumba gani zina mama mjamzito au watoto wadogo? Tutaanza na hizo."

Hapo nikashtuka. Nilimpiga kiwiko mke mwenzangu, mjane kama mimi, tuliyeishi naye boma moja. "Umesikia? Mbona haanzi na wazee? Huyu anatafuta uzazi."

"Na nyungu ambayo mkono hauingii," akasema, "utajuaje kilicho ndani?"

Wakati huo maneno yalijaa sokoni kwamba kuna dawa za kufunga wanawake wasizae, zinapitishwa kwenye sindano, kwenye uji wa shule, kila mahali. Nami nilikuwa na mke wa mwanangu nyumbani. Mwanangu huyo ni wa pekee, naye alikuwa Awendo akikata miwa. Yule msichana alishapoteza mimba mbili, na hii ya tatu ilikuwa imefika mwezi wa tano. Sikuwa na mahali pengine pa kutazamia mjukuu.

Kukataa mbele ya watu ni aibu. Nikasema asante, nikajitwika nyungu hadi nyumbani, nikapanga mambo yangu. Ile mpya yenye dawa nikaiweka kwangu, ya kunywa mimi na mwenzangu, ili mama wa afya akija kunusa maji asikose harufu. Ile ya zamani nikaihamishia jikoni kwa msichana, nyuma ya kuni, isionekane. Nikamwambia, "Wewe utakunywa hapa tu. Maji ya silanga yalinilea mimi, yakamlea na mumeo."

"Na ninyi, Mama, mtakunywa ile ya dawa?"

Mwenzangu alicheka hadi akajishika mbavu. "Sisi tutafungwa nini, mwanangu? Duka lilishafungwa zamani, hata ufunguo umepotea!"

Mvua ya masika ikaja. Silanga ikajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kila uchafu wa mlimani ukateremkia humo. Sisi wazee wawili tulikuwa wazima. Hata tumbo langu, ambalo hunisumbua kila masika, mwaka huo lilitulia. Nililiona jambo hilo, na badala ya kujiuliza, nikazidi kumshuku mama wa afya: dawa gani hii inayowatunza waliokwisha kuzaa?

Asubuhi moja msichana hakutoka kufagia. Nilimkuta sakafuni, amehara na kutapika mpaka macho yameingia ndani, mikono yake miwili ikiwa juu ya tumbo. Tulimkalisha kwenye baiskeli ya jirani, mimi nikimshikilia mgongo, tukaisukuma kwa tope hadi kliniki.

Muuguzi alimtundikia maji ya chupa mkononi. Kisha akanigeukia. "Nani mwingine anaumwa nyumbani?"

"Hakuna."

"Na nyote mnakunywa maji ya nyungu moja?"

Nikainama kumpangusa msichana tope miguuni. Msichana akafungua macho. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi kupasuka.

"Nyungu moja, sista," akasema. "Mama mwenyewe ndiye hunichotea."

Alidanganya kwa ajili yangu. Kwetu mke wa mtoto hamvui mama mkwe nguo mbele ya watu. Afadhali angenitukana.

Nilimwacha na mwenzangu nikarudi nyumbani. Mama wa afya bado sikumwamini, nisiwadanganye. Nilituma aitwe. Alipofika nilimkalisha, nikajaza vikombe viwili kutoka ule mfereji mdogo, nikamwambia, "Kunywa."

Akamaliza cha kwanza, akachukua cha pili.

"Una watoto wangapi?"

"Wanne, Mama. Wa mwisho bado ananyonya. Ndiyo maana nina haraka, maziwa yananitoka."

Niliitazama blauzi yake. Kweli, ilikuwa imelowa kifuani. Sikumwuliza la pili.

Siku ya nne msichana akarudi, amekonda, lakini mtoto ndani akipiga teke. Nilikuwa nimeitoa nyungu ya zamani jikoni nikaijaza mtama. Nikawaita wote wawili mlangoni kwangu, nikasema:

"Nyungu ya maji katika boma hili ni moja. Maji nisiyoyanywa mimi, asipewe mtu. Na dawa ataipima huyu msichana, si mimi, na nikianza kumwuliza maswali, asinijibu."