Hawo na Maziwa Yanayonukia

Hawo wa Galbet aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa miaka mingi, na miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza mteja swali. Aulize nini, na yeye anajua kila kitu! Mteja akifungua mdomo, Hawo keshamjibu. Hajamaliza kujibiwa, keshafukuzwa.

Basi wateja wakapungua, maziwa yakawa yanachacha. Adow, mfugaji aliyemletea maziwa kutoka malishoni kila asubuhi, akamwonya waziwazi: "Abaayo, dada yangu, mitungi yangu ikirudi tena na maziwa ndani, natafuta muuzaji mwingine."

"Tafuta!" Hawo akabwata. Lakini moyoni aliogopa, maana bila Adow hana biashara.

Siku hiyohiyo akaja Daud, mtu wa Mombasa aliyekuwa akifungua hoteli karibu na chuo kikuu. Akafunua mtungi, akavuta pumzi, akafumba macho. Mitungi ile ilifukizwa kwa kuni za mgunga, kama ilivyo desturi, na harufu ya moshi hubaki kwenye maziwa.

"Mama, maziwa yako yananukia!" akasema. "Hivi mnayafanyaje?"

Sasa, Kiswahili cha Hawo kilikuwa cha bei, salamu na matusi kidogo. Kati ya kunuka na kunukia kuna herufi moja tu, na masikio ya Hawo hayakuwa na muda wa herufi moja.

"Ati maziwa yangu inanuka! Unanuka wewe! Toka haba!"

Daud akatoka, mdomo wazi. Anab, muuzaji wa meza ya pili, alisikia vilevile, na Kiswahili chake ni kibovu kuliko cha Hawo. Ila Anab hapitwi na jambo. Akamkimbilia mgeni: "Kaka, inanuka mbaya ama inanuka nzuri?"

"Nzuri, wallahi! Nataka ya chai ya hoteli nzima, kila siku."

Anab hakuwa na maziwa ya kutosha hoteli nzima, kwa hiyo akamuuliza Adow kama anaweza kumletea yeye. Kesho yake gari la Adow la maziwa likaipita meza ya Hawo bila hata kupunguza mwendo.

Lo, zile kelele! Ameibiwa, amerogwa! Anab akamwambia, "Yule mtu alikuwa anakusifu."

"Hakusema hivyo!"

"Alisema."

Hawo akakaa na meza tupu siku kadhaa, amenuna. Hatimaye akajikokota hadi kwa Anab, akauliza swali lake la kwanza tangu aingie sokoni: kama kuna nafasi ya mtu wa kufukiza mitungi.