Taa ya Ndani ya Karavani

Wenzangu, acheni niseme mwenyewe kabla mke wangu hajawasimulia. Zuhura alikuwa mgeni Stockholm, akilia kila siku kwa kuikumbuka Tanga. Nikanunua karavani kuukuu, kijumba cha magurudumu cha kukokotwa na gari, nimpeleke matembezi. Betri na nyaya nikajidai kuzitengeneza mwenyewe, mimi mpishi wa hospitali!

Jioni ya kwanza, kando ya ziwa, taa ya ndani ikagoma. Kumbe nilichanganya nyaya: ilikuwa ikiwaka pale tu ninapokanyaga breki ya gari. Nikaona aibu kumwambia.

“Wewe pakua chakula,” nikasema, “mimi napumzika kidogo garini.” Nikaketi huko, nimekanyaga breki, naye akipakua wali kwenye mwanga.

“Mume wangu, njoo tule!”

“Tangulia tu.”

Akadhani nimenuna. Akaja garini na sahani mkononi. “Nimekukosea nini?”

Nikashtuka, nikainua mguu. Karavani ikawa giza. Nikakanyaga tena, ikawaka. Zuhura akaitazama taa, akautazama mguu wangu, akacheka hadi akashika mlango. Kisha akaingia, akaketi kando yangu.

“Basi usiuondoe huo mguu,” akasema, akaanza kunilisha.