Mimba ya Miaka Minne

Chekeni tu, mimi nilishajicheka nikamaliza. Ndiyo, yule msichana wa mimba ya miaka minne ni mimi, na kama mliambiwa ni mtu wa Chebunyo, mlidanganywa.

Ilikuwa miaka ya tisini, nikichuna majani chai Kericho, sijaolewa, na kila mwezi hapa chini ya kitovu palikuwa panawaka moto (sisemi yale maumivu ya kawaida, hayo nayajua), mpaka najikunja katikati ya michai huku nyapara akisema najifanya. Nilikuwa nimemeza dawa ya minyoo, ya ameba, ya taifodi. Senge, yaani shangazi yangu niliyekaa kwake, alikuwa na dawa moja tu: "Olewa uzae, itaisha."

Siku moja nikachoka, nikaenda dispensari ya shamba kutafuta jibu. Foleni ndefu, na nyuma yangu, bahati mbaya, mzee wa kanisa letu. Karani akauliza niko na shida gani. Hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu badala ya kutaja ninapoumwa niliona haya, nikainama dirishani nikanong'ona, "Niko na tumbo."

(Kwetu msichana akisema ana tumbo, watu wanaanza kuuliza baba ni nani.)

"Ya miezi ngapi?" karani akauliza kwa sauti ya kuita ng'ombe.

Mimi nikadhani anauliza maumivu yalianza lini. "Si miezi. Ni miaka nne."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Karani akanisukumia kadi ya kliniki ya wajawazito, na mama mmoja akasema, "Hiyo ni mtoto ama ni ndovu?" Nikageuka nikimbie, lakini maumivu yakanikamata mlangoni, nikakaa chini kwenye simiti mbele ya watu wote, na hapo haya ikaniisha, nikashikwa na hasira.

"Sina mimba!" nikapiga kelele. "Ni nyumba ya mtoto inaniuma! Kila mwezi nikiona damu, hata kwenda choo inauma! Na leo mkinipatia dawa ya minyoo, sitoki hapa!"

Mzee wa kanisa akavua kofia (sijui alikuwa anamwombolezea nani).

Daktari akatoka mwenyewe, akaniingiza ndani, akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu alikuwa ameniuliza. Kisha akaandika barua ya hospitali kubwa, na ndani yake neno refu, endometriosisi. Alisema hana hakika, lazima wapitishe kamera tumboni waone kama nyama ya nyumba ya mtoto imeota mahali si pake. Nilimwomba alisome lile neno mara tatu mpaka nikalishika.

Jioni Senge alikuwa ameshapata habari. "Umetuaibisha. Sasa nani atakuoa?"

"Atakayenioa atakuja akijua," nikamwambia. "Ukoo hauumwi, Senge. Mimi ndiye naumwa."

Hospitali kubwa nilienda peke yangu (na ndiyo, walikuta ni hiyo hiyo). Karani wa huko aliponiuliza niko na shida gani, nilimjibu mpaka waliokuwa barabarani wakasikia.