Kifaru cha Kalibu Mpya

Mtaa mzima ulimwita Dereva, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akiendesha chochote. Gari hana, pikipiki hana, na hata baiskeli ya mkewe huisukuma kwa mkono akiipeleka kutiwa upepo. Wageni wakiuliza jina lilitoka wapi, mkewe hujibu kwa mkato, "Jeshini," na habari huishia hapo. Kwa miaka saba ya ujana wake alikalia kiti cha dereva wa kifaru. Tangu siku aliyovua magwanda hajashika tena kitu chenye injini.

Kazi yake ni kutengeneza mashine za kushonea. Chumba cha mbele cha nyumba yao kina meza ndefu chini ya dirisha, mikebe ya skrubu iliyopangwa kwa ukubwa, na harufu ya mafuta ya mashine isiyotoka hata ukipiga deki mara tatu. Washonaji wanampenda kwa sababu hadanganyi. Mashine isiyopona anasema haiponi. Ukimtania anacheka pale panapotakiwa, kwa kiasi kinachotakiwa, kisha uso unarudi ulivyokuwa.

"Mume wangu hana ubaya," mkewe, mwalimu wa hesabu, aliwahi kumwambia dada yake. "Ukimwita anaitika. Ila ni kama unapiga hodi kwenye nyumba ambayo mwenyewe yuko uani."

Mtoto wao wa kwanza alipozaliwa, Dereva alimpokea, akamkagua vidole vya mikono na miguu, akasema, "Vimetimia." Mama yake mzazi alipofariki, yeye ndiye aliyeshughulikia kila kitu, toka cheti mpaka viti vya waombolezaji, na hakuna aliyeliona chozi lake. Watu wakasema ana moyo wa jiwe. Yeye hakujua ana moyo wa nini. Alichojua ni kwamba alikuwa kama mguu uliolaliwa ukafa ganzi: unauona, unajua ni wako, lakini ukiufinya ni kana kwamba unamfinya mtu mwingine. Hivyo ndivyo alivyomweleza daktari wa jeshi miaka ile, na daktari akamwandikia dawa isiyouzwa famasi. "Tafuta kitu cha kuunganisha kwa vidole," alimwambia. "Kidogo kidogo, kila siku."

Ndipo alipoanza kuunganisha vifaru vya plastiki. Unanunua boksi, ndani kuna fremu zilizojaa vipande vidogo, unavikata kimoja kimoja, unavipiga msasa, unavitia gundi, unapaka rangi, mwisho unabandika alama na namba. Kikikamilika kinakaa kiganjani. Mashine za watu zikishakwisha, huvuta kiti upande wa pili wa meza na kushika kibano. Kwa miaka ishirini na mitatu alijaza rafu mbili za ukutani: vifaru vizito, vyepesi, magari ya deraya yenye matairi manane, yenye minyororo, ya kubebea majeruhi. Cha aina yake mwenyewe, kile alichokiendesha, hakikuwemo.

Mkewe aliliona hilo mapema. "Mbona cha kwenu hakimo?"

"Hawajakitengeneza vizuri."

Na ilikuwa kweli. Kifaru kile kilikuwa na kalibu moja tu duniani, yaani lile umbo la chuma ambamo plastiki ya moto husindiliwa, na kalibu hiyo ilichongwa kabla Dereva hajaota ndevu. Walioichonga hawakuwahi kukikaribia kifaru chenyewe. Walikisia kwa picha. Magurudumu waliyapanga kwa nafasi sawa wakati pengo la kwanza lilitakiwa liwe kubwa. Chini ya bodi waliacha matundu ya betri na mota, kwa kuwa siku hizo kilitakiwa kijiendeshe sakafuni. Ndani kilikuwa kitupu kama debe. Kila baada ya miaka michache mwenye kiwanda huitoa kalibu ile ghalani, anaipangusa, anafyatua vipande vilevile, kisha anavitia kwenye boksi jipya lenye picha mpya ya moto na vumbi. Chuma kilikuwa kimechakaa, hivyo plastiki ilivuja pembeni na kuacha magamba membamba kama ukoko wa uji. Dereva aliyaona maboksi hayo dukani, toleo baada ya toleo, na kila mara alipita bila kusimama. Alikuwa na sababu nzuri, nayo haikuhitaji maelezo.

Mgeni alikuja Jumamosi moja asubuhi, akapiga hodi mlangoni mwa chumba cha mbele. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, viatu vya shambani miguuni, mfuko wa turubai begani. Mara ya mwisho Dereva kumwona alikuwa na miaka minne, amebebwa na mama yake, siku walipomzika baba yake. Lakini paji la uso lile alilitambua kabla hajajitambulisha.

"Shikamoo, baba mdogo. Mimi ni mtoto wa Profesa."

Profesa lilikuwa jina la kambini. Ndiye aliyekuwa mlenga mzinga katika kifaru cha Dereva, na aliitwa hivyo kwa sababu alisoma gazeti ndani ya kifaru, hata la wiki iliyopita, na kulisahihisha kwa kalamu.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Mkewe Dereva akaleta chai. Binti akaeleza kwamba ni mpima ardhi, kwamba mama yake yu mzima ila magoti yanamsumbua, kisha akatoa kwenye mfuko boksi linalong'aa. Dereva alilijua kabla halijawekwa mezani.

"Nimeambiwa unajua kazi hizi," Binti alisema. "Nilikuwa naomba uniundie kifaru cha baba. Nina picha yake moja amesimama juu yake. Nataka nacho kiwe pembeni ya picha."

Dereva akafungua boksi. Alijihisi vilevile kama anavyojihisi akifungua mashine ya mtu. Akatoa fremu, akamwonyesha.

"Boksi ni la mwaka huu. Kilichomo ndani kinakaribia umri wangu mimi. Tazama matundu haya, ni ya betri. Tazama magurudumu. Hii ni kalibu kuukuu, wanairudia rudia. Nikikuundia hiki, nitakuwa nimekuundia kitu kinachofanana na kifaru cha baba yako kama mimi ninavyofanana na mke wangu."

"Mnafanana," mkewe alisema. "Watu wakikaa pamoja wanafanana."

Binti hakucheka. Alikuwa ametoa rula mfukoni na kupima mapengo ya magurudumu, kisha akaandika kwenye daftari. Mpima ardhi ukimwambia kitu hakiko mahali pake, umemgusa penyewe.

"Kikipatikana kilicho sahihi, utaniundia?"

"Kikipatikana," alisema Dereva, akijua hakipo.

Miezi mitano baadaye Binti akarudi na boksi kubwa mara mbili ya lile la kwanza. Kampuni nyingine, ya watu ambao Dereva hakuwahi kuwasikia, ilikuwa imechonga kalibu mpya kabisa. Walikiendea kifaru chenyewe kwenye jumba la makumbusho, wakakipima kila kona kwa mitambo, wakaingia mpaka ndani. Vipande vilizidi mia tisa, safi, vyenye ncha kali, bila gamba hata moja. Dereva akakagua magurudumu: pengo la kwanza kubwa. Akakagua bodi: hakuna tundu. Akageuza fremu ya tatu na kukuta kiti chake.

Kilikuwa na ukubwa wa ukucha. Mshono wa ngozi ulikuwepo, na kulia na kushoto kwake usukani wa vyuma viwili, kwa maana kifaru kile hakikuwa na usukani wa duara. Fremu iliyofuata ilikuwa na gurudumu la kuzungushia kwa mkono mnara, kile kichwa cha kifaru kinachobeba mzinga; lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele, lina mpini wake.

"Kiko sawa?" Binti aliuliza.

"Kiko sawa."

"Basi?"

Dereva alitafuta sababu, akaikosa. "Njoo Jumamosi," alisema.

Akaja Jumamosi hiyo, na iliyofuata, na sita nyingine. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya meza, akikata vipande na kumpa. Dereva alifanya kazi kama siku zote, mkono hautetemeki, pumzi hazibadiliki. Mkewe alipita mara kwa mara na kumtazama usoni kama anayetazama sufuria lililochelewa kuchemka, kisha akaendelea na shughuli zake.

Jumamosi ya nane walifika kwenye mnara. Dereva akauweka juu ya bodi bila gundi. Mzinga ukalala juu kabisa ya kifuniko cha dereva.

Binti akainama kutazama. "Sasa hapa dereva anatokaje? Kifuniko hakifunguki. Mzinga umekaa juu yake."

"Hakifunguki mpaka mnara ugeuzwe."

"Na nani?"

"Na mlenga mzinga."

Akakishika kibano, akakiweka chini, akaeleza, kwa sauti ileile anayotumia kumweleza mteja kwa nini uzi unakatika.

"Ilikuwa mazoezi. Hapakuwa na adui wala nini. Nyaya ziliungua nyuma ya kiti cha kamanda, umeme ukakatika, moshi ukajaa. Kamanda alitoka kwa juu, ndivyo amri ilivyo. Baba yako alikuwa anafuata. Kiti chake kiko hapa, na mlango uko hapa. Ni hatua moja. Mimi niko huku chini, mzinga uko juu yangu, mnara hauendi kwa kuwa hakuna umeme. Nilisukuma kifuniko mara mbili, kikagonga mzinga. Yeye alisikia. Akarudi kukaa. Akashika hili gurudumu." Akaligusa kwa ncha ya kidole. "Kwa mkono ni zito. Kila mzunguko mnara unasogea kama upana wa kidole. Niliona mwanga unaingia pembeni ya kifuniko, kidogo, kisha zaidi. Nikatoka. Yeye hakutoka. Ni moshi, hakuungua."

Binti alikuwa ameshika fremu kwa mikono miwili. "Barua ya jeshi ilisema amefariki kazini."

"Ndiyo. Alikuwa kazini."

"Alisema chochote?"

"Alipaza sauti toka juu. Alisema, 'Sukuma sasa.'"

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

"Hakunitaja?"

Dereva angeweza kusema ndiyo, na hakuna ambaye angempinga. "Hapakuwa na muda, mwanangu," alisema.

Binti akatikisa kichwa taratibu, machozi yakamtoka bila sauti, naye akayaacha. Dereva alimtazama. Alijua kwamba hapa mtu husema kitu, au huweka mkono begani, na mkono wake ulikuwa juu ya meza, ukingoja amri. Ulikaa hapohapo. Baadaye Binti alijifuta kwa kiwiko na kusema, "Mnara usiutie gundi. Nataka uzunguke."

Kifaru kilikamilika baada ya wiki mbili. Binti akampelekea mama yake, na mama akatuma salamu kwamba anamwita shemeji yake. Dereva alikwenda. Walikaa sebuleni, kifaru kikiwa juu ya kabati pembeni ya picha, na yule mama alizungumzia magoti, bei ya sukari na mjukuu anayekataa kula. Mwisho wa maongezi akasema, "Miaka yote nilidhani alichelewa tu kutoka. Alikuwa mzito wa kuamka, unajua. Nilikuwa nimemkasirikia." Dereva akasema anajua. Yule mama akamsindikiza mpaka mlangoni.

Alipofika nyumbani mkewe alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Vipi huko?"

"Tumekaa vizuri."

"Umelia?"

"Hapana."

Akavuta kiti, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo jikoni, akaanza kumsimulia. Alianza tangu nyaya. Mkewe alikuwa amesikia vipande kupitia ukutani, Jumamosi ile, lakini alisikiliza kama asiyejua kitu. Alipofika kwenye mwanga pembeni ya kifuniko, Dereva akafungua kinywa na neno lililofuata halikuwepo. Akajaribu tena. Halikuja.

Mkewe akaweka kisu chini. "Pumzika kwanza."

"Nikipumzika sitaanza tena."

Akarudia tangu nyaya, na safari hii akafika mwisho. Haikuwa hadithi ndefu. Mkewe alikuwa ametia mikono yote majini ndani ya beseni la viazi.

"Ulikuwa unanificha mimi," aliuliza mwishowe, "au ulikuwa unajificha mwenyewe?"

"Sijui," alisema Dereva. "Kweli sijui."

Mkewe akaokota kisu chake. Dereva akafungua droo, akatafuta cha pili, akachukua kiazi. Alikimenya vibaya, maganda manene, nusu ya kiazi ikaenda nayo, na mkewe akatazama bila kumsahihisha.